Jina Lililokatwa Kwenye Wosia wa Babu

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja kambini Eldoret, mwaka ule wa vita vya baada ya uchaguzi, nimekaa juu ya kreti ya soda nikikazia macho karatasi iliyoloa mvua. Ulikuwa wosia wa babu yangu, ulioandikwa kwa mkono na katekista zamani sana. Nyumba yetu ya Timboroa ilikuwa imechomwa, baba alikuwa ameshafariki, na karatasi hiyo ndiyo niliyotoka nayo. Chifu alitaka majina ya watoto wote wa babu ili aandike barua ya urithi wa shamba. Nami nilikuwa kijana mwenye haraka, tena mwenye hasira, na hizo mbili zikikutana usitegemee jambo jema.

Wino ulikuwa umesambaa, lakini nilifaulu kusoma majina matatu: Kamau, ambaye ndiye baba yangu, kisha Njoroge na Wangari. Juu yao palikuwa na mstari uliokatwakatwa kwa kalamu hadi hausomeki. Nikasema katekista alikosea. Nikaandika watatu, nikampelekea Shosho Wairimu, dada mdogo wa babu, aweke kidole gumba kama shahidi.

Jungu kuu halikosi ukoko. Mama yule hakujua herufi hata moja, ila alinisikiliza nikimsomea, kisha akauficha mkono wake chini ya leso.

"Kamau ni wa baba yetu," akasema. "Njoroge ni wa baba ya nyanya yako. Wangari ni wa mama ya nyanya yako. Sasa mama yetu alipewa nani? Msichana wa kwanza huwa ni wa mama ya bwana. Ndugu yangu angesahau mama yake?"

Unaijua desturi yetu ya majina, kila mtoto hupewa jina la babu au bibi yake kwa zamu. Ndipo akaniambia kulikuwa na msichana mkubwa, Nyokabi, aliyeolewa na Mnandi, mtu wa kabila lingine, kule Chepsaita, na babu kwa ghadhabu akalikata jina lake.

"Babu mwenyewe alimkata, Shosho. Na hao Wanandi ndio walituchoma."

"Nyokabi ndiye alikuchoma? Babu yako alikufa na hasira yake. Wewe unataka kuirithi pamoja na shamba? Kidole sikupi!"

Niliona haya, mwanangu, haya ya kweli. Nikaichana ile orodha, nikaapa nitamwona Nyokabi kwa macho yangu. Safari ya kwanza nilimuulizia dukani Chepsaita, watu wakanipa mgongo, nikarudi. Ya pili niliingiwa na woga nikaishia njiani, Turbo, sikufichi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo nikaenda mara ya tatu, na safari hii nilifika mlangoni.

Nilimkuta akipukuchua mahindi. Aliposikia mimi ni wa Kamau, alinishika mkono asiuachilie. Akaniambia kwamba siku zile za moto wanawe walimficha stoo ya mahindi wiki mbili, maana kwa majirani yeye alikuwa bado mtu wa kwetu. Na mimi huku nilikuwa tayari kuapa kwamba hajawahi kuzaliwa.

"Kwenye hiyo karatasi ya baba, mimi niko?" akauliza nilipomweleza habari ya wosia.

Ningeweza kumdanganya. Nikaikunjua mbele yake. "Uko wa kwanza, Shangazi. Lakini Babu alikukata."

Akapitisha kidole juu ya ule mstari, taratibu. "Basi aliniandika," akasema, akalia.

Chifu alipata majina manne, na chini yake kidole gumba cha Shosho.

Mwanangu, ukitafuta ukoo wako, karatasi peke yake haitoshi. Waulize wazee wangali hai, hata wasiojua kusoma. Ukikuta jina limekatwa, usiliruke. Anzia hapo hapo. Hasira hasara, na ile ya kurithi ni mbaya zaidi, kwa kuwa unaibeba bila hata kujua ilianzia wapi. Wala usiape kabla hujabisha mlango wa yule unayetaka kumwacha nje. Mungu akupe miguu ya kuufikia mlango huo, na ukifunguliwa, akujalie uwe umekuja na jina lake mdomoni.