Ajali Ile Ilikuwa na Kinga

Nilifundisha useremala katika shule za serikali kwa zaidi ya miaka thelathini, na katika muda wote huo hakuna mwanafunzi wangu aliyepoteza hata ukucha. Jambo hilo nilijivunia kuliko vyeti. Nilipostaafu, mimi na mke wangu tulihamia Madale, kwenye nyumba tuliyokuwa tukiijenga kidogokidogo kilimani, na nyuma ya nyumba nikasimamisha banda la mabati. Humo ndimo nilimouunda msumeno wa mkanda kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa asiyeujua, huo ni msumeno ambao ulimi wake ni ukanda mrefu wa chuma wenye meno, ulioungwa ncha kwa ncha, unaozungushwa na magurudumu mawili, moja juu na jingine chini. Ukishuka unapita katikati ya meza, na wewe unausukumia mbao. Shule yangu ya mwisho ilikuwa nao mmoja wa zamani, na nilipoondoka niliukumbuka kuliko nilivyokumbuka walimu wenzangu. Basi nikakata magurudumu kwenye plaiwudi nene, nikayavisha raba ya tyubu za baiskeli. Mota niliipata kwa jirani aliyeacha biashara ya mashine ya kusaga. Fremu tuliichomelea na fundi mmoja wa Tegeta. Ilinichukua miezi minne. Siku mashine ilipozunguka bila kutikisika, nilimwita mke wangu aje kuona.

Alisimama mlangoni akatazama.

"Mbona magurudumu yako wazi?"

"Nataka kwanza niyaone yanavyokwenda."

"Wanafunzi wako ungewaruhusu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata aliniletea chai bandani, upepo ukapeperusha upindo wa kanga aliyojitanda, na gurudumu la chini likaidaka. Bahati njema ilikuwa ya kujitanda tu, haikufungwa. Ilimtoka mabegani mara moja, ikasokotwa na kuchanwachanwa mbele ya macho yetu. Mke wangu aliweka chai juu ya benchi, akaenda zake. Siku hiyohiyo nikatengeneza vifuniko vya bati kwa magurudumu yote mawili na kuweka swichi ya kuzimia mahali ambapo goti langu lingeifikia. Nikajiona nimelimaliza suala la usalama.

Rafiki yangu mchongaji aliingia maishani mwangu kwa sababu ya mashine hiyo. Alikuwa mtu wa rika langu, mzaliwa wa upande wa Newala, akiishi Mwananyamala na kuchongea kwenye kibanda ubavuni mwa nyumba yake. Bega lilikuwa limeanza kumsumbua, msumeno wa mkono ukawa adhabu, na mtu fulani akamwelekeza kwangu. Alikuwa akija na bajaji iliyojaa vipande vya mpingo. Aliniita Mwalimu, nami nikamwita Fundi. Kazi yake ilikuwa ile ya watu waliopandana, babu juu ya baba, mtoto juu ya mama, wote ndani ya gogo moja, kila mmoja na uso wake. Nilimwona mara moja akichonga jicho dogo kuliko punje ya mchele. Mkono wa kulia ulipiga nyundo tu. Wa kushoto, ulioshika patasi, ndio uliokuwa ukiona.

Magogo yake kwa kawaida yalikuja yamechongwa kwa tezo upande mmoja, hivyo yakalala vizuri mezani. Lakini Jumamosi moja asubuhi alileta matatu ambayo bado ni mviringo, na magome yake.

"Bega limegoma," aliniambia. "Nikatie tu hivihivi, Mwalimu, vipandevipande."

Hapa ndipo ninapotaka kusema bila kujificha. Gogo la mviringo halikatwi hivyo kwenye msumeno wa mkanda. Meno yakiligusa hulivuta chini, na kwa kuwa hakuna kinachokizuia kipande, hujizungusha kama chupa, tena kwa ghafla. Lazima lilazwe kwenye kitako cha mbao chenye mfereji, kilichopigwa kabari pande zote. Nilikuwa nimeliandika jambo hilo ubaoni mwaka baada ya mwaka, kwa chaki, na kulipigia mstari. Nikazungusha macho bandani kutafuta kitako. Sikuwa nacho. Sikuwahi kukitengeneza. Niliona uvivu kuanza kukitafutia mbao wakati mtu amesimama ananisubiri.

"Tushike wawili," nikasema. "Mie huku, wewe kule."

La kwanza likapita. La pili likapita. La tatu lilikuwa jembamba zaidi na limepinda kidogo. Msumeno ulikuwa umeingia kama nusu inchi niliposikia sauti ya mashine ikibadilika, na gogo likageuka mikononi mwangu kama kitu kilicho hai. Lilinichubua viganja tu. Upande wa Fundi liliuvuta mkono wake. Ukanda ukakatika kwa kishindo. Goti langu likaipiga swichi.

Kulikuwa kimya sana. Yeye alikuwa amesimama, mkono wa kushoto ameushika kwa wa kulia, akiutazama kama kitu alichookota.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "niletee kitambaa."

Mke wangu, aliyekuwa akichambua mchele uani, ndiye aliyekuja na kitambaa. Alimfunga, akauinua ule mkono juu ya kichwa chake, akamkalisha, akanituma kuita bajaji. Niliporudi alikuwa ameokota alichookota kwenye vumbi la mbao na kukiweka ndani ya mfuko safi. Hospitalini daktari aliutazama mfuko ule kwa upole, akatikisa kichwa. Kidole cha shahada kilikuwa kimekwenda chote, na cha kati nusu yake.

Jioni ile mke wa Fundi alifika hospitalini. Alikuwa mama mrefu, mchache wa maneno. Alimsalimia mumewe, akausogelea mkono uliofungwa bila kuugusa, kisha akauliza, "Imekuwaje?"

Nilifungua mdomo. Fundi akawahi.

"Nilishika vibaya. Mwalimu aliniambia nishike mbali, mie sikusikia."

Sikuwa nimemwambia kitu kama hicho. Nilisimama pale, mwalimu mzima, nikayaacha maneno yale yapite. Hata nilitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayemsikitikia mwenzake kwa ukaidi.

Tulipokuwa tunarudi Madale mke wangu aliniuliza swali moja tu.

"Ulimwambia ashike mbali?"

"Hapana."

Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, "Kwa hiyo mwenye kidonda ndiye anayekubebea."

Majirani wakaja kutupa pole, kwa maana habari ilikuwa imezagaa. Kila mmoja alisema lilelile, ajali haina kinga. Nilikuwa nikiitikia, ndiyo, haina. Siku ya tatu au ya nne niliacha kuitikia. Ajali ile ilikuwa na kinga. Niliijua kwa vipimo vyake, upana wa mfereji na nyuzi za mteremko.

Wiki ya tatu nilikwenda Mwananyamala peke yangu. Fundi alikuwa amekwenda kusafishwa kidonda. Mkewe alikuwa kwenye jiko la mkaa, anakaanga samaki. Aliniwekea kigoda. Sikukaa.

"Shemeji," nilisema, "mume wako hakukaidi. Sikumwambia kitu. Lile gogo halikutakiwa kukatwa vile, na mimi nilijua. Kuna kitako cha kulilaza. Sikuwa nimekitengeneza."

Aligeuza samaki mmoja, kisha wa pili.

"Hicho kitako ni kazi ya siku ngapi?"

"Si siku. Kama nusu saa."

Akasimamisha kijiko hewani. Nilisubiri anitukane. Ingekuwa rahisi zaidi kwangu.

"Nenda nyumbani kwako, Mwalimu," akasema.

Baada ya siku chache walikuja Madale wawili, yeye mbele, mumewe nyuma. Hakutaka chai. Alitaka kuiona mashine. Nilikuwa sijaingia bandani tangu siku ile, na ukanda uliokatika bado ulikuwa unaning'inia. Aliuzunguka msumeno wote polepole, mikono nyuma, kama mtu anayeonyeshwa kaburi.

"Kitengeneze," aliniambia.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nione."

Alikaa kwenye kigoda. Nikatafuta mbao mbili, nikapima, nikakata kwa msumeno wa mkono, nikapiga randa, nikagongomea kabari. Nilikosea kipimo mara moja nikaanza upya. Nilipomaliza alikichukua kitako mapajani, akaupitisha mkono kwenye mfereji, kwenda na kurudi. Kisha akakiweka chini na kutoka nje kwa mke wangu, na huko ndiko nilikomsikia akilia.

Fundi alibaki.

"Kwa nini ulimwambia?"

"Kwa sababu ndio ukweli."

"Ukweli naujua. Nilikuwepo." Alikuwa na hasira ambayo sikuwa nimeiona siku ya ajali yenyewe. "Nilikusitiri, Mwalimu. Mie mwenyewe kwa hiari yangu. Wewe ukaenda kuivua nguo niliyokuvika, na mimi ukanifanya mwongo nyumbani kwangu. Hukuniuliza."

Nilikuwa nimeitafuta nafuu ya roho yangu kwa kupita juu ya kitu pekee alichokuwa amebaki nacho cha kunipa. Nilimwomba radhi, kwa vidole na kwa hilo. Akasema amesikia. Hakusema amesamehe.

Muda mrefu ukapita bila yeye kuja. Nilipata habari zake kupitia mke wangu, ambaye aliendelea kwenda Mwananyamala hata pale mimi nilipoona haya. Alisema Fundi anajifunza kushika patasi kwa gumba na vidole viwili vya mwisho, ameifunga kwa ukanda wa raba. Alisema anachonga bakuli na miiko. Zile nyuso amejaribu, akaziacha.

Msumeno sikuuvunja. Niliufunga ukanda mpya, nikaurekebisha, na hakuna mkono wa mtu mwingine unaogusa meza yake. Nilianza pia kuwatembelea mafundi wa huku kwetu, kwa sababu mashine za kujiundia ziko nyingi kuliko watu wanavyodhani. Wananiamkia vizuri, wananiwekea stuli, wananisikiliza. Baadhi huweka vifuniko. Wengine nikirudi nakuta bado magurudumu yako wazi, na kijana wa watu anainama palepale akiwa na fulana iliyochanika.

Kisha siku moja ikaja bajaji na magogo manne ya mpingo, dereva tu, bila salamu za Fundi. Yalikuwa yamechongwa ubavu. Niliyakata nikayarudisha. Yakaja mengine. Mara ya tatu alikuja mwenyewe, akashuka taratibu, akanisalimia, akaingia bandani. Alisimama mbali na meza, pale ambapo na mimi ningemwambia asimame.

Tumekuwa hivyo tangu wakati huo. Si kama zamani. Tunaongea juu ya mvua, juu ya wajukuu, juu ya bei ya msasa. Mwezi uliopita nilithubutu kumuuliza kama mkono unamuuma.

Aliutazama.

"Vile vilivyobaki haviumi," akasema. "Vinaniuma vile ambavyo havipo. Hasa Julai, asubuhi ya baridi."

Akasogeza gogo kwa mguu mpaka karibu yangu, akaonyesha kwa mkono wa kulia mahali alipoweka alama ya chaki.

"Kata hapo," akasema. "Nitasubiri nje."