Kavira na Sifuri

Sema ni usingizi, sema ni huzuni, utakavyo. Mimi nilikuwa macho, mchana, katika ofisi ya parokia huku Vulamba, Butembo. Ilikuwa vita ya pili ya Kongo. Mke wangu Kavira alikuwa amekwenda Beni kumchukua mama yake, na barabara ikafungwa nyuma yake. Kila lori lililoingia mjini nililikimbilia.

Kazi yangu ilikuwa kuchapisha kadi za waliokimbia vita, wapate unga. Programu niliiandika kwa C, lugha ya kompyuta ambayo mimi na Kavira tulijifunza kwenye benchi moja. Yeye aliijua kunizidi, na hakuniacha nisahau. Ili namba zipangike vizuri niliandika %4d, na mashine ikaacha nafasi tupu mbele ya namba ndogo. Unawajua watu wetu na kalamu? Kadi ya 7 ilirudi imeongezwa 1 mbele, ikawa 17, na mwenye 17 halisi akakosa unga wake. Ilibaki kidogo wapigane mlangoni.

Mchana ule mvua ilikuwa kubwa. Nikainua macho, Kavira amesimama kando yangu. Niamini. Miguu yake ilikuwa na vumbi kavu, na nje maji yanatiririka. Lakini kwa furaha ile, nani angeuliza habari ya vumbi? Nilimuuliza mama yuko wapi, akasema anakuja. Kisha akainama kwenye kompyuta.

“Hapana acha fasi bure mbele ya namba,” akasema. “Tia zero mbele ya ile ine. Donc, basi, mutu hapana weza kuongeza kitu.”

Akabonyeza mwenyewe sifuri mbele ya nne. Nikakimbia jikoni kumletea chai. Niliporudi hakuwepo, na mlinzi wa mlangoni akaapa hakuna mwanamke aliyepita.

Jioni mama mkwe akafika, peke yake. Kavira alimpa nafasi ya mwisho kwenye lori lililothubutu kupita, yeye akafuata kwa miguu pamoja na wengine. Baadaye walionusurika wakaleta habari: walivamiwa asubuhi ya siku ile ile, Kavira akauawa porini, wapi hasa hawakujua. Basi ni nani aliyeandika %04d ndani ya programu yangu? Pale hakuna mwingine aliyejua C. Kadi zilitoka 0007, 0017, na kalamu haikupata pa kugusa.

Mpaka leo nikiona namba inayoanza na sifuri machozi yananitoka. Usicheke. Ila kinachoniua ni mama mkwe, ambaye nilimsimulia yote na bado anaishi kwangu. Kila Jumapili baada ya misa ananiuliza, kwa upole, “Mutoto wangu alikuambia analala wapi?”

Wewe mtu wako akitokea kwenye barabara iliyofungwa, chai iache. Mshike mkono, hata kama ni wa baridi, umuulize amelala wapi. Mimi sikuuliza, na mama hana kaburi la kupigia magoti.