Tukimsubiri Bodo, Fisi Maji wa Mto Usiolala

Sisi tuliolelewa Makongeni, kule Thika, kabla kila nyumba haijapata mfereji wake, tulijifunza kungoja mapema. Jumamosi asubuhi ulipanga mtungi wako nyuma ya mtungi wa jirani, ukaukalia, ukatulia. Maji yalitoka membamba kama uzi. Siku nyingine yalikohoa kidogo, yakakatika kabisa, na bado hakuna aliyekwenda nyumbani, kwa sababu aliyeondoka alipoteza nafasi. Basi tulicheza. Wasichana tuliruka bladda iliyotengenezwa kwa tyubu kuukuu za baiskeli, wavulana walisukuma magari ya waya, na kina mama walipiga gumzo la kusikika mpaka barabarani. Mwenye bahati alikuwa na andazi gumu, lile ambalo ukiliangusha sakafuni linalia ko, na tuliligawana kwa meno bila kuwaza habari ya viini.

Hapo mferejini ndipo nilipoanza kusoma vile vitabu kwa sauti.

Vilikuwa vya Zahra, rafiki yangu tuliyeketi naye dawati moja. Baba yake aliuza vitambaa mjini, na familia yao iliishi ghorofani, juu ya duka, katika nyumba iliyonukia bizari na pamba mpya. Zahra alikuwa na shangazi ng'ambo aliyemtumia vitabu, na ndivyo ulivyotufikia Mto Usiolala: hadithi moja ndefu iliyogawanywa katika vitabu vitano, kila kimoja kinene kama tofali, kwa Kiingereza cha kukutoa jasho. Mlikuwa na msichana aitwaye Neri, aliyeweza kusikia maji yakizungumza. Rafiki yake alikuwa Bodo, fisi maji mkubwa kama ng'ombe, mwenye masharubu marefu na tabia ya kusinzia hatari inapokaribia. Waliishi katika mji uliofichwa nyuma ya maporomoko, na adui yao alikuwa Mfalme wa Vumbi, aliyetaka kuukausha mto wote.

Hebu fikiria kumwambia mtoto wa Thika kwamba kuna mji nyuma ya maporomoko. Sisi tulikuwa na maporomoko yetu! Jumapili baada ya kanisa nilimpitia Zahra, tukashuka mpaka pale mto Chania unapoanguka, tukasimama mbali kama tulivyoamriwa, tukakodolea macho ule ukungu mweupe. Nguo zetu zililowa polepole bila sisi kujua. Siku moja Zahra aliapa kwamba ameona masharubu. Mimi nikaapa nimeona mkia.

Zahra aliniazima vitabu kwa masharti makali. Kitabu kilifunikwa kwa karatasi ya khaki, mikono ilioshwa kwanza, na ole wako ukunje ukurasa. Nilikuwa nikikibeba nyumbani ndani ya sweta, kama mtu aliyebeba kifaranga. Lakini Jumamosi moja hamu ilinizidi, nikaenda nacho kwenye laini ya maji. Nilikuwa nimefika mahali ambapo Neri anaingia kwenye pango kwa mara ya kwanza. Mtoto wa jirani akaniuliza kinasema nini. Nikamwambia kwa Kiswahili chetu, na pale Kiswahili kiliponiishia nikaweka Kikuyu. Mwingine akasogeza mtungi. Mwingine akaacha bladda. Fisi maji sikujua anaitwaje, kwa hiyo kwa muda mrefu Bodo alikuwa "yule panya wa maji," mpaka mwalimu wetu wa Kiswahili akamwokoa na aibu hiyo.

Mama yangu, ambaye sote tulimwita Mami, hakufurahishwa mwanzoni. Alifanya kazi katika kiwanda cha kutia matunda mikebeni, na mikono yake ilinukia nanasi hata siku ya mapumziko. Shule aliiacha mapema ili alee wadogo zake. "We Wambui," alikuwa akifoka, "weka hiyo kitu chini, mtungi unamwagika!" Kisha nikaanza kumwona amesimama nyuma ya wenzake, leso begani, akijifanya anangoja zamu. Nilijua amenaswa siku alipokuja mferejini na mtungi ambao tayari ulikuwa umejaa.

Jina la Neri halikumkaa mdomoni. Alimwita Nyeri, kama mji, na nadhani moyoni aliamini msichana yule ana jamaa huko. Jioni akimenya viazi alikuwa akiniuliza, "Sasa huyo Nyeri amelala wapi leo na hiyo baridi yote?" Nami nilimjibu kwa uzito, kana kwamba tunaongea juu ya binamu.

Kitabu cha nne kiliishia pabaya. Mto ulikuwa umeanza kukauka, Bodo amefungiwa ndani ya mwamba, na Neri amebaki peke yake mbele ya mlango wa mfalme. Tulikuwa tukikisubiri cha tano wakati Zahra aliponiambia, tukiwa uwanjani wakati wa mapumziko, kwamba baba yake ameuza duka na wanahamia ng'ambo. Aliniambia huku akiangalia viatu vyake. "Shangazi akinipa cha tano, nitakutumia," akasema. Tukashikana mikono kama watu wazima. Sijui kama alikituma. Najua tu kwamba hakikunifikia, na kwamba dawati lile lilikuwa pana ajabu muhula uliofuata.

Mferejini hawakunielewa. Kila Jumamosi walinizunguka. Bodo ametoka? Mfalme amekufa? Mama Kiarie, jirani yetu mwenye sauti ya kengele, aliniambia waziwazi kwamba mtu hawezi kuwaachia watu mnyama ndani ya jiwe. Nilikaribia kulia. Hapo Mami akatua mtungi wake.

"Wacheni kumsumbua mtoto," akasema. "Nitawaambia vile iliisha."

Niligeuka nikamwangalia. Mami alikuwa hajasoma hata ukurasa mmoja. Lakini aliketi juu ya mtungi, akajifunga leso, akaanza. Alisema Nyeri aliingia akamkuta mfalme ameketi peke yake juu ya jiwe kavu, midomo imepasuka. Tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumpa maji, kwa sababu kila mtu alimwogopa. Nyeri akachota yale machache yaliyobaki, akampelekea kwa mikono yake. Mfalme akanywa. Kisha akalia, na kwa vile hakuwa amelia maisha yake yote, machozi yalitoka mengi, yakateremka, yakaujaza mto. Mwamba ukalainika. Bodo akatoka akijinyoosha, akauliza kama chakula kiko tayari.

Watu walicheka, wengine wakapangusa macho. Mama Kiarie peke yake hakuridhika. "Na Nyeri hakumpiga huyo mfalme hata kidogo?"

"Ampige kwa nini?" Mami akasema. "Si alikuwa na kiu tu."

Kwa miaka mingi, huo ndio uliokuwa mwisho wa Mto Usiolala. Nilikua, nikasomea ushonaji, nikaolewa, nikahamia Ruiru ambako nina kibanda changu cha mapazia. Nilikuwa nimeshapata mtoto nilipokiona kitabu cha tano kimetandazwa chini pamoja na vitabu vingine vya mitumba, jalada limepauka. Nilikisoma juu ya cherehani. Katika mwisho wa mwandishi, Neri anamchoma mfalme kwa mkuki wa barafu, na Bodo anakufa akiushikilia mlango wa mwamba ili Neri apite. Ni mwisho mzuri, umeandikwa kwa ustadi, na nililia mpaka pazia la mteja likalowa. Mami hakuniuliza habari zake, nami sikuona haja ya kumnyang'anya Bodo wake.

Zahra tulipatana tena kupitia simu, sote tukiwa na mvi. Yeye ndiye aliyenitumia habari mwaka huu, kwa sauti ileile ya msichana wa dawati letu: "Wambui! Wanaileta kwa TV! Yote! Kitabu kwa kitabu!" Nilipiga kelele hadi fundi wa viatu jirani akaja mbio akidhani nimejidunga sindano. Binti yangu Shiru, aliye sekondari, aliniangalia kwa huruma ambayo vijana wa siku hizi wanatuwekea sisi. "Mum, si ni story tu ya watoto?" Huyu ni mtoto anayetazama filamu akiharakisha sehemu ambazo watu wananyamaza. Nilimsamehe.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Murera, ambako Mami ana ploti yake yenye nduma na kuku. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akiwatambua watu kwa sauti na kuku kwa hasira zao. Daktari alikuwa ameshatueleza kwamba anaweza kufanyiwa upasuaji na kuona tena. Mami alikataa. Kila tulipomsihi alitujibu jibu lilelile: "Nimeona ya kutosha." Kaka yangu alijaribu. Mchungaji alijaribu. Mimi nilikuwa nimejaribu mpaka tukanuniana. Ukweli ni kwamba aliogopa kisu, nasi tuliogopa ile njia ya kwenda chooni, yenye mawe, aliyokuwa akiipita kwa kupapasa ukuta.

Siku hiyo sikwenda kwa ajili ya macho. Nilimwambia tu habari za Mto Usiolala. Alizungusha kikombe cha chai mkononi.

"Na Bodo watamtoa wapi?" akauliza.

"Wanamtengeneza na kompyuta, Mami. Atakuwa anatembea, anaongea, kila kitu."

"Na masharubu?"

"Na masharubu."

Akanywa chai. Akaiweka chini, akapapasa meza mpaka akaipata sahani. "Mimi nimemwona miaka hii yote kwa kichwa tu," akasema. Kisha, kama anayeuliza bei ya nyanya: "Huyo daktari wa macho bado yuko?"

Sikuthubutu kumkumbatia, asije akabadili nia. Nilimwambia yuko.

Jicho la kwanza lilifanyiwa upasuaji, la pili likafuata, na akaja kupumzika kwangu Ruiru. Asubuhi ya upasuaji wa kwanza mikono yake ilikuwa baridi, na aliishika yangu mpaka mlango wa chumba cha upasuaji, ambako muuguzi alinizuia. Sijawahi kukaa kwenye benchi gumu namna ile. Alipotoka jicho limefunikwa, neno lake la kwanza lilikuwa, "Kumbe ni hayo tu?"

Kwa kuwa aliambiwa asichoshe macho, Shiru alipewa kazi ya kumsomea bibi yake, Shosho wake, Mto Usiolala kutoka kwenye simu, akitafsiri. Nilikuwa nikiwasikia nikiwa jikoni.

"Shosho, hapa Neri anamshow Bodo wahepe."

"Wafanye nini?"

"Wahepe, Shosho. Watoroke."

"Basi sema watoroke. Nyeri ni msichana ameheshimika."

Ilikuwa ni mchana mmoja kama huo Shiru aliposoma mbele harakaharaka, kama kawaida yake, akaropoka. "Haiya! Shosho, kwani Bodo anakufa?"

Kijiko kilinitoka mkononi. Nilichungulia sebuleni, nikamwona Mami ameketi wima, miwani myeusi ya hospitali usoni.

"Nani amesema?"

"Kitabu, Shosho. Imeandikwa hapa."

Mami alisukuma miwani juu ya pua. "Basi hicho kitabu kilikosea," akasema. "Endelea pale ulikuwa."

Na Shiru, ambaye hubishana na kila mtu mwenye pumzi, alirudi nyuma akaendelea.

Juzi walionyesha kipande kifupi cha kutangaza. Miwani myeusi ilikuwa imeshatoka. Nilimsogezea Mami kiti karibu na televisheni, akakirudisha nyuma mwenyewe: "Naona, naona, usinisukume." Maporomoko yakafunguka, ukungu ukapasuka, na hapo akatokea Bodo, maji yakimtiririka mgongoni, masharubu yakimetameta. Mami aliinama mbele, mdomo wazi. Akamwomba Shiru arudishe. Akarudisha tena.

"Amenenepa kuliko vile nilifikiria," akasema. "Lakini ni yeye."

Kisha akanigeukia mimi, akanitazama usoni kwa muda, kwa yale macho mapya. "Na wewe pia umezeeka, Wambui. Hakuna mtu aliniambia." Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Sasa tunasubiri. Zahra ataitazama huko kwake, tutapigiana simu. Nikiwaangalia watoto wa leo siwaonei wivu sana. Wanapewa hadithi nzima kwa mkupuo, wanaimaliza kabla chai haijapoa, na kesho yake hawakumbuki jina la mtu hata mmoja. Sisi tulipewa kidogo kidogo, na katikati ya kidogo na kidogo ndipo tulipoishi: tukikisia, tukigombana, tukimhurumia msichana aliyelala kwenye baridi. Makongeni bado ipo, lakini ile laini ya Jumamosi imekwisha, na ni vizuri imekwisha. Hakuna anayetamani yale maumivu ya mgongo ya kubeba mitungi. Ninachokitamani ni zile saa ambazo hatukuwa na la kufanya ila kukaa pamoja.

Shiru amegundua kwamba itaonyeshwa sehemu moja tu kila wiki, na amekasirika kweli. "Wiki nzima, Shosho! Sasa hapo katikati tutakuwa tunafanya nini?"

Mami alikuwa dirishani, akichambua mchele, akiiona kila punje.

"Tutakuwa tunaongea," akasema.