Barabara ya Lorna Kangas Ambayo Haikupigiwa Kura

Kila Oktoba, kwa miaka ishirini na saba, Lorna Kangas alipima barabara zote za mji wetu kwa miguu, akisukuma gurudumu la kupimia mbele yake. Maili kumi na tisa na ushei. Angeweza kunakili hesabu ya mwaka uliopita, kama walivyofanya waliomtangulia, wala hakuna ambaye angejua.

"Lorna, barabara hazinenepi," nilimwambia mwaka mmoja.

"Wewe Cliff kazi yako mihuri," akanijibu. "Gonga muhuri, niachie barabara zangu."

Mimi ni karani wa mji, na ni kweli kazi yangu ni mihuri. Yeye alikuwa msimamizi wa barabara, na msimu wa baridi ndiye aliyeendesha lori la kuondoa theluji. Huku kwetu, kaskazini kabisa mwa jimbo la Michigan, theluji hufika madirishani. Fedha ya lami, ya chumvi na ya dizeli ya lori lile inatoka kwenye kodi ya mafuta. Kila anayejaza tangi popote katika jimbo anaacha senti kadhaa, jimbo linazikusanya, halafu kila mji unapewa fungu kulingana na watu wake na maili za barabara zake. Mji wetu hauna fedha nyingine ya barabara. Ndiyo maana Lorna alikuwa mkali kwenye kipimo: alisema kuongeza hata futi moja ni kuingiza mkono mfukoni mwa mtu aliyesimama kwenye pampu.

Basi mkaguzi wa jimbo akaja mwanzoni mwa Novemba. Kijana mpole, jina lake Pruitt, amevaa viatu vya mjini. Lorna akampakia kwenye gari lake, wakazunguka barabara moja baada ya nyingine, ramani mapajani. Walirudi ofisini kwangu saa tisa alasiri, Lorna akitabasamu.

"Zote sawa," Pruitt akasema. "Nahitaji tu kura ya baraza iliyoupokea Mtaa wa Kangas kuwa barabara ya mji. Siioni kwenye faili."

Mtaa wa Kangas una nyumba tisa, na ya Lorna ni mojawapo. Ulipewa jina mwaka 1971, kaka yake Arvid aliporudishwa kutoka Vietnam ndani ya sanduku. Kila mwenye umri hapa anaikumbuka siku ile: meya alisimamisha kibao, bendi ikapiga, kina mama wakaleta mkate wa iliki na masufuria ya kahawa, watu wakapiga makofi na kulia. Kwetu sisi jambo likishanywewa kahawa limekwisha.

Nikashuka na Lorna kwenye chumba cha chini kutafuta kitabu cha mihtasari. Nikakipata, nikafungua tarehe yenyewe. Ukurasa ulikuwa na mstari mmoja: *Kikao kimeahirishwa. Wote wako kwenye kahawa ya akina Kangas.*

Nikafunua ukurasa uliofuata, na uliofuata, hadi Krismasi. Hakuna kitu. Walisahau! Mji mzima ulipiga makofi, na hakuna hata diwani mmoja aliyenyoosha mkono.

Lorna aliketi sakafuni, kwenye vumbi, mwanamke wa miaka sitini na mbili. "Nimetia sahihi mara ishirini na saba," akasema. "Kila mwaka naandika ni barabara ya mji. Cliff, nimekuwa nikisema uongo."

"Hukujua, Lorna."

"Nilipima kila kitu! Mbona sikuangalia hapa?"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimegonga muhuri kwenye karatasi hizo, na sikuwahi kushuka kuangalia.

Pruitt hakuwa mtu mbaya. Alisema ya nyuma yatazungumzwa baadaye, ila kuanzia siku hiyo hata tone la dizeli iliyonunuliwa kwa kodi ya mafuta lisiingie mtaa ule, mpaka baraza liupigie kura. Na ili upigiwe kura, kanuni inataka barabara iwe na upana wa futi sitini na sita, mpaka hadi mpaka, bila jengo ndani yake. Lorna akachukua utepe, akapima saa hiyohiyo. Mbele ya nyumba yake alipata sitini na mbili. Zile nne zilikuwa zimekaliwa na sauna.

Sauna ile, nyumba ndogo ya kuogea kwa mvuke, aliijenga baba yake kwa magogo ya mwerezi kabla hajajenga nyumba ya kulala, kama walivyofanya Wafini wote waliohamia hapa kutoka Finland. Lorna alizaliwa humo ndani. Arvid alizaliwa humo. Mama yao aliwaosha wafu wa mtaa humo humo.

"Andika sitini na sita," nilimnong'oneza. "Nani atakuja kupima?"

"Mimi," akasema Lorna.

Pruitt, nadhani kwa huruma, akasema huenda makao makuu wana nafuu kwa mitaa ya zamani. Atauliza, na jibu litakuja kwa barua kabla ya wikiendi ijayo. Baraza lingekutana Jumatatu jioni baada ya hapo; pasipo barua, sauna ingebidi iondoke kwanza. Utabiri ulisema theluji kubwa itaanza usiku uleule.

Na kwenye mtaa ule, nyumba ya mwisho, anakaa Bibi Tyyne Salmela, miaka themanini na minane, anayepelekwa hospitali mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Lori lisipopita, gari la kumchukua halifiki. Lorna alikwenda kumweleza mwenyewe.

"Kwa hiyo mtaa wangu haupo?" bibi akauliza.

"Kwenye karatasi haupo, bibi."

"Na kodi ya nyumba ninayolipa, inakwenda mtaa gani?"

Lorna alinisimulia hayo bila kucheka.

Sasa nifike kwenye Ijumaa, na nitaisema kama ilivyokuwa. Jumamosi ilikuwa siku ya kwanza ya kuwinda kulungu. Huku kwetu siku hiyo shule zinafungwa, maduka yanafungwa, hata mchungaji anahubiri kwa haraka. Nilikuwa nimeshavaa koti la rangi ya machungwa, bunduki iko garini, shemeji yangu anapiga honi nje. Simu ikalia.

"Cliff, barua imefika?" alikuwa Lorna.

"Haijafika," nikasema.

"Umeangalia sandukuni?"

"Nimeangalia."

Sikuwa nimeangalia. Sanduku liko hatua kumi kutoka mezani kwangu, na sikuinuka. Nikafunga ofisi, nikaenda msituni mahali ambapo simu haishiki, nikacheza karata siku mbili, wala kulungu sikumwona.

Jumatatu asubuhi nikafungua sanduku. Barua ya Pruitt ilikuwa chini ya zile za Jumamosi, muhuri wa posta wa Jumatano; ilikuwa imeletwa Ijumaa asubuhi. Mitaa iliyokuwa ikitumiwa na umma kabla ya 1980 ingepokelewa kwa upana wake uliopo. Kisibomolewe kitu. Mwishoni alikuwa ameongeza kwa kalamu: *Tafadhali mwambie Bi Kangas sauna yake iko salama.*

Niliendesha gari hadi Mtaa wa Kangas bila kuvaa kofia.

Sauna haikuwepo. Palikuwa na mstatili wa udongo mweusi, magogo yamepangwa vizuri nyuma ya nyumba, na mawe ya jiko kwenye ndoo. Aliibomoa peke yake, Jumamosi na Jumapili, kwa nyundo na mtaimbo, kwa sababu katapila la mji linatumia dizeli ya kodi. Wanaume wote wa mtaa walikuwa msituni kama mimi. Lorna alikuwa akifagia misumari, isije ikatoboa tairi la mtu.

Nikampa barua. Aliisoma mara mbili. Viganja vyake vilikuwa vimefungwa vitambaa.

"Ilifika lini?"

"Ijumaa."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi," nikasema. "Lorna, sikuangalia. Nilikudanganya."

Nilitaka anitukane. Nilitaka anirushie ule ufagio. Aliikunja barua, akanirudishia.

"Weka kwenye faili," akasema. "Baraza watataka kuiona."

Kisha akatoa utepe mfukoni, akanipa ncha yake, akavuka barabara hadi ng'ambo akiuvuta.

"Ushike chini, Cliff. Usiulegeze."

Nikapiga magoti pale palipokuwa na kizingiti cha sauna, nikaushika utepe kwa mikono miwili. Akasoma kwa sauti: futi sitini na sita.

"Andika," akasema.

Sikuwa na kalamu.