Dume Aliyefika Snowbird

Della Teesateskie alizaliwa Snowbird, bonde letu la milimani, akaolewa Snowbird, akafiwa na mume Snowbird, na kama kiwanda cha samani kisingefungwa angezeekea kwenye mashine ya kupiga msasa miguu ya meza. Mama yake na mama yangu ni ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe tukipukuchua maharage barazani kwake.

Kiwanda kilipofungwa alikuwa ameshapita miaka hamsini. Wenzake wengi walikwenda kuomba kazi kasino. Della alikataa. Alisema moshi wa sigara na milio ya zile mashine vingemtia wazimu kabla ya mshahara wa kwanza. Ndipo ofisi ya wanyamapori ya kabila letu la Wacherokee, iliyoko mjini Cherokee, ng'ambo ya milima, ikatangaza kwamba inatafuta mtu wa upande wetu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: mtu akipiga simu kusema ameona paa mkubwa, wewe nenda ukaangalie kama ni kweli.

Paa mkubwa ndivyo lugha yetu inavyomwita. Wazungu wanamwita elki. Paa wa kawaida tunao tele, wanakula maua ya watu mchana kweupe. Huyu mwingine ana kimo cha farasi, shingo yenye manyoya ya kahawia iliyoiva, makalio meupe ya rangi ya maziwa, na dume lake hubeba pembe zenye matawi ambazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Aliwindwa akamalizika kwenye milima hii zamani sana, kabla ya babu wa babu zetu. Jina likabaki. Bibi yetu alilitumia kumsengenya mtu mwenye miguu mirefu, naye hakuwahi kumwona mnyama huyo hata kwenye picha. Halafu serikali ikaleta wachache kwa malori kutoka mbali, ikawaachilia Cataloochee, mashariki yetu. Wakazaana. Wakashuka mpaka Cherokee mjini, wakawa wanasimama katikati ya barabara magari yakiwasubiri. Swali lililobaki ni kama wangefika mpaka kwetu magharibi.

Della aliiomba kazi hiyo, akapewa. Miaka ya mwanzo alizunguka bonde zima bila kuona kitu. Aliitwa kuangalia ng'ombe waliotoroka. Aliitwa kuangalia kisiki. Mzee Ammons Chekelelee, aliyeishi peke yake juu ya kijito, alimpigia simu asubuhi moja akisema paa mkubwa yuko hapo hapo uani, aje upesi. Della alipofika alimkuta punda wa jirani.

"Mzee, huyu si punda wa kina Jumper?"

"Kulikuwa na ukungu."

"Masikio yote hayo, mzee?"

"Kwani paa mkubwa ana masikio ya nani? Wewe umeshamwona?"

Della akacheka, akakubali kwamba hajamwona, akanywa kahawa ya mzee, akarudi nyumbani. Dukani nako walimsubiri. Wilma, mwenye duka, hakuacha hata siku moja ipite.

"Della, umempata mchumba wako mwenye pembe?"

"Mwenye pembe si ulishaolewa naye wewe?"

Watu waliokuwa wakisubiri kulipia petroli walicheka mpaka mume wa Wilma akachungulia kutoka stoo kuuliza kuna nini.

Kaka yake, Gilmer, ndiye hakumtania. Gilmer hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na shamba chini kwenye tambarare ya mto, na humo alipanda mahindi meupe ya unga, mbegu aliyoachiwa na bibi, ile ambayo ukiisaga mkate wake unanukia nyumba nzima. Watu wengi wameacha kuipanda kwa sababu inachelewa kukomaa. Gilmer hakuacha. Kila msimu alichagua magunzi mazuri, akayasuka kwa maganda yake, akayaning'iniza darini.

Asubuhi moja ya Septemba Gilmer alikuja kwa Della kabla hajavaa hata soksi sawasawa. Akavua buti mlangoni, akakaa, akamiminiwa kahawa, akainywa nusu. Della alidhani kuna msiba.

"Della," akasema, "yule ng'ombe wako yuko shambani kwangu."

"Mimi sina ng'ombe, kaka."

"Tangu leo unaye."

Walikwenda kwa gari la Gilmer, wakalisimamisha mbali, wakatembea kandokando ya mto. Dume alikuwa amesimama katikati ya mahindi, kifua kikiwa juu ya mabua aliyoyavunja, bua moja likining'inia mdomoni. Alikuwa kijana. Pembe zake zilikuwa bado nyembamba, na shingoni hakuwa na ile mikanda ambayo ofisi huwafunga wanyama wake. Aliwatazama, masikio yakageuka huku na huku, kisha akaendelea kutafuna.

Della aliigeuza ndoo iliyokuwa pale, akaikalia. Gilmer alimwona anavyojifuta macho, akageuka kutazama mto.

"Usinililie," akasema. "Utazame ule mstari. Na ule. Amelala juu ya maharage."

"Nimeona."

"Bunduki iko kwenye gari."

"Najua iko kwenye gari. Ikae huko huko."

"Hii ni mbegu ya bibi, Della."

"Najua ni ya nani. Nipe mpaka kesho, kaka. Nakuomba."

Gilmer hakwenda garini.

Mchana alifika Trevor Haskett, mtaalamu wa ile ofisi, kijana wa kizungu mpole ambaye maua ya vuli yalimfanya apige chafya mfululizo. Alimtazama dume kwa darubini kwa muda mrefu, akitabasamu peke yake. Kisha akamgeukia Gilmer, akavua kofia.

"Mzee, shamba ni lako na hasara ni yako," akasema. "Ukisema hutaki, kesho tutamchoma sindano ya usingizi, tumpakie, tumrudishe mashariki kwa wenzake. Ukisema abaki, nitakuletea uzio wa umeme, na nitawatangazia wawindaji wasije wakakosea. Lakini siwezi kukuhakikishia kwamba hatarudi."

"Apakiwe kwenye lori?" Della akauliza.

"Ndiyo, mama. Hataumia."

Della akaitikia kwa kichwa, akaondoka akashuka mpaka ukingoni mwa mto, akasimama huko amewapa mgongo. Hakuna mtu wa Snowbird anayehitaji kuelezwa kwa nini. Zamani, askari wa serikali walipokuja kuwakusanya watu wetu na kuwaswaga kwenda magharibi ya mbali, kuna waliojificha kwenye milima hii wakala mizizi, na kuna waliopelekwa huko wakarudi kwa miguu. Sisi ni wajukuu wa hao. Gilmer aliutazama mgongo wa dada yake, akajikuna shingo.

"Leta huo uzio," akamwambia Haskett. "Lakini mahindi haya hayangoji uzio."

Jumamosi yake tukaitana. Sisi kazi ya namna hiyo tunaiita gadugi: jirani akizidiwa, mnakwenda wote, mnamaliza, mnakula, mnarudi makwenu. Tulikuja na vikapu na matrekta. Tulivuna yaliyokomaa na yaliyokaribia kukomaa, tukayatandaza kwenye banda la tumbaku ili yakauke. Upande wa juu wa shamba, ambao dume alikuwa ameshauharibu, Gilmer alisema tuuache.

"Umemkatia posho yake?" Wilma akamuuliza.

"Nimeukatia mgongo wangu mapumziko," akajibu Gilmer.

Dume alikuwa amerudi nyuma mpaka penye miti. Ilikuwa karibu na chakula cha mchana, wanawake wakipanga mkate wa maharage na kuku na kabichi iliyokaangwa kwa mafuta ya nguruwe, aliponyanyua pua na kuita. Sauti hiyo ilianza chini kama mtu anayeguna, ikapanda ikawa filimbi nyembamba, ikakatika. Mle shambani hamkuwa na mtu aliyewahi kuisikia kwenye bonde letu, wala baba yake, wala babu yake. Mtoto mchanga wa mtu akaanza kulia, mama yake akamnyonyesha akiwa amesimama.

Mzee Ammons, aliyekuwa amekalia gunia, ndiye aliyesema wa kwanza.

"Huyo si punda," akasema.

Tulicheka, lakini taratibu. Della hakucheka. Alikuwa anasikiliza, nami nilijua anasubiri kama mwenzake atajibu. Dume aliita tena, akanyamaza, akageuza kichwa upande wa mlima. Hakukuwa na jibu.

Aliita hivyo mpaka majani yote yakapukutika. Ukifua nguo nje unamsikia, ukitoka kanisani unamsikia. "Maskini, anaiita hewa," alisema Wilma, na tangu hapo hakumtania Della tena kuhusu mchumba. Baridi ilipoanza kuuma, dume akaondoka.

Majira ya baridi Haskett aliitisha mkutano kwenye ukumbi wetu. Alitueleza jambo ambalo wengi hatukulijua. Madume vijana hutangatanga. Wanaweza kuvuka milima mitatu kutafuta mahali. Majike hukaa karibu na mama zao, husogea kidogo kidogo, bonde kwa bonde. Nchi ikiwa na madume tu haijarudiwa, imetembelewa. Kwa hiyo kulikuwa na njia mbili: ofisi iombe kibali cha kuleta majike wachache Snowbird, au tuwafungulie malisho, kwa sababu misitu yetu imefunga na mnyama huyu anataka nyasi, kisha tusubiri.

"Tusubiri mpaka lini?" mtu akauliza.

"Sijui," akasema Haskett. "Pengine mimi nitakuwa nimestaafu."

Wengi walitaka majike waletwe. Wachache hawakutaka mnyama yeyote, na walikuwa na haki yao, maana uzio si kitu cha mzaha. Ndipo Della akasimama. Hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu. Alikishika kiti cha mbele kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye niliyewatafuta kuliko wote hapa," akasema. "Lakini sitaki apigwe sindano mtu alipozaliwa, aamke mahali asipopajua. Tukate miti, tuwashe moto, nyasi ziote. Waje wenyewe."

"Mtu?" sauti ya nyuma ikauliza.

"Mmenielewa."

Gilmer naye akasimama. Nilishangaa, kwa sababu sikuwahi kumwona akisimama mkutanoni.

"Dada, wale wa Cataloochee pia waliletwa na lori," akasema. "Huyo dume wako ni mtoto wa waliopigwa sindano. Bila lori usingemwona."

"Ni kweli, kaka," akasema Della. Akakaa.

Walipopiga kura, upande wa kusubiri ulishinda kwa watu wachache sana. Tukakubaliana kulifungua lile shamba la zamani lililomezwa na misonobari, juu ya kijito. Jioni hiyo nilimsindikiza Della nyumbani, nikadhani nitamkuta na furaha. Alikaa barazani na koti lake bado limefungwa vifungo.

"Sijui kama nimesema sawa," akaniambia. "Pengine nimewachelewesha tu."

Basi kazi yake ikageuka. Badala ya kufuata simu za watu, alisimamia ukataji wa misonobari, akajifunza kuchoma nyasi pamoja na vijana wa zimamoto, akapanda mbegu za nyasi za asili kwa mkono pale trekta liliposhindwa kupanda. Shamba lilifunguka. Vuli iliyofuata dume alirudi, au mwingine aliyefanana naye, na baada yake wakaja wawili. Majike hawakuja. Kila vuli tulisikia wito, na kila vuli haukujibiwa. Kuna waliomlaumu waziwazi.

"Ungekubali lori, leo tungekuwa na ndama," Wilma alimwambia, akimpimia sukari.

"Pengine," akasema Della, akachukua sukari yake.

Nyonga yake ilianza kumsumbua, akaacha kazi. Mahali pake akaajiriwa binti wa kina Jumper, mwenye miguu mizuri ya kupanda milima, na Della akawa mtu wa barazani. Majira ya kuchipua yaliyopita Haskett, ambaye nywele zake zimeshaanza kuwa na mvi na bado anapiga chafya, alimpigia simu. Nilikuwepo.

"Mama Della, umekaa?"

"Kwa nyonga hii? Nimekaa tangu asubuhi."

"Tumeona jike. Yuko Stecoah."

Stecoah iko kati ya Cherokee na kwetu, nyuma ya mlima. Della aliihamisha simu kutoka sikio moja kwenda jingine.

"Ameletwa na nani?"

"Hakuna aliyemleta. Amekuja mwenyewe. Na tumbo limejaa."

Gilmer alitupeleka siku hiyo hiyo. Hatukumwona. Mwenye shamba, mzungu mmoja mzee, alituonyesha mahali alipolala, nyasi zimelala kwa duara kubwa, na kando yake rundo la mavi meusi kama zeituni. Della aliegemea fimbo yake akayatazama.

"Tumekuja mpaka huku kuangalia mavi," akasema Gilmer.

"Mavi ya jike, kaka."

Mwezi Juni ndama alionekana akimfuata mama yake kwenye ukingo wa msitu. Yule mzee wa Stecoah akaanza kulalamika juu ya maharage yake, Haskett akampelekea uzio, na Della akaenda kusaidia. Alikaa kwenye kiti cha kukunja, akiwapa vijana vishikizo vya waya kimoja kimoja na kuwaambia pale wanapolegeza.

Snowbird bado hatuna jike. Kutoka Stecoah kuja kwetu kuna mlima mmoja mkubwa, barabara ya lami na ziwa. Della anasema ndama akiwa jike atakaa pale pale alipo mama yake, na mtoto wake ndiye huenda akasogea. Nilimuuliza kama anadhani atamwona huyo. Aliniambia nimpe bakuli la maharage, bado yako mengi ya kupukuchua.