Buibui Moja la Mtaa Mzima

Tulipokuwa wadogo kule Langoni, kisiwani Amu, mtaa wetu mzima ulikuwa na buibui moja la kutokea. Msicheke, nyinyi watoto wa abaya za Dubai. Mengine yalikuwako, lakini yalikuwa ya kwendea kisimani, yamechanika hata gauni la ndani likaonekana, na hakuna mwanamke wa Amu aliyethubutu kupita njia kuu na kitu kama kile. Lile zima, jeusi la hariri, lenye kiraka kimoja tu kidogo begani, la kamba ya kufungia kichwani, lilikuwa la Bi Rukia, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Mumewe alimletea kutoka Arabuni alipokuwa baharia, kabla hajasahau njia ya kurudi nyumbani. Lilining'inia msumarini nyuma ya mlango, na mwenye harusi, matanga au mgonjwa aliingia akalichukua. Sharti lilikuwa moja: ulirudishe likinukia. Mwenye udi alilifukiza. Mama yangu hakuwa na udi, kwa hivyo alilikunja na asmini ndani.

Nyumba zetu zilikuwa za udongo na makuti, nyuma ya majumba ya mawe. Mvua ikinyesha tulihama na mkeka kutoka pembe moja hadi nyingine, tukicheka, tukidhani watu wote ulimwenguni hulala hivyo. Asubuhi mkate wa mofa mmoja uligawanywa kwa watoto wanne, na chai ilikuwa ya mkandaa, nyeusi, maana maziwa tuliyaona kwenye harusi tu. Sare yangu ya skuli ilikuwa imevaliwa na watoto watatu wa mtaani kabla haijanifikia, na mwalimu alilijua lile gauni kuliko alivyonijua mimi. Tulicheza mdako kwa vijiwe, tukajificha na kutafutana kwa kibe vichochoroni mpaka adhana ya magharibi. Siku hizi mjukuu wangu akiishiwa na bando huketi ameshika tama kama aliyefiwa.

Nilikuwa na miaka saba mama aliposhikwa na homa ya mapafu. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, ndani ya buibui la Bi Rukia, amemwegemea nyanya yangu. Nyanya alikuwa mtu mzima, keshapita umri wa kujificha, naye alitoka na leso zake mbili tu. Mama akalazwa. Siku ya tatu Bi Zuhura, wa nyumba ya mwisho, akapata habari kwamba binti yake kule kijijini Shela ameshikwa na uchungu. Mama alipoambiwa alisema, "Mpeni buibui. Mimi nimelala, silitumii." Nyanya akalileta.

Mimi sikuwa na habari. Nilikuwa kibarazani nacheza mdako, nikaliona lile buibui laja kichochoroni, na kiraka chake kidogo begani. Nilitupa vijiwe nikakimbia, "Mama! Mama amerudi!" nikalikumbatia kwa mikono miwili na kutia uso ndani. Likanukia asmini, likanukia mama. Kisha mkono uliotoka ndani ukawa mkono mnene, wenye bangili.

"Si mimi, mwanangu," Bi Zuhura alisema. "Mamako yuko, hajambo. Ataya. Silie, niwate nishike ndia."

Akanibandua taratibu, akashika njia yake. Nililia mpaka nikalala bila kula. Tangu siku ile nilikataa kutoka nje, hata kibarazani. Nilikuwa nimeamini kwamba buibui likirudi bila mtu, basi yule mtu harudi tena. Hakuna aliyejua kwamba ndilo nililokuwa nikiliogopa.

Baada ya siku nyingine nne daktari akamruhusu mama. Amepona, kitanda chatakiwa. Lakini buibui lilikuwa Shela bado, kwa kuwa uchungu wa binti ya Bi Zuhura ulikuwa mrefu, na mzazi hakuweza kuachwa peke yake. Mama akakaa kwenye benchi la wodi tangu asubuhi, amejifunika shuka ya hospitali, mzima, na hana cha kumfikisha nyumbani. Mwuguzi, mtu wa bara, hakuelewa. "Mama, si hapo tu? Nenda!" Mama akainamisha uso. Angekaa pale mwezi mzima kuliko kupita sokoni na buibui lililochanika.

Nyanya alirudi na habari hizo akatangaza mtaani. Wanawake wakakusanyika uani kwetu. Kisha nyanya akaangalia ua, zilikoegemezwa fito za kujengea, akasema, "Leteni mashuka. Tutamtolea shiraa."

Shiraa, kwa msiojua, lilikuwa pazia la kutembea. Zamani wake wa majumba ya mawe hawakutoka ila ndani yake, kitambaa kimeinuliwa kwa miti pande nne, na waliobeba miti walikuwa wajakazi. Mama yake nyanya alikuwa mmoja wa wabebaji. Ukoo wetu uliijua shiraa kwa nje tu.

Wakaunga mashuka matatu, moja la mistari, moja lenye viraka, jingine lililokuwa pazia la Bi Rukia. Baada ya alasiri nyanya na wanawake watatu wazee kama yeye wakashika fito, nami nikaingia katikati. Hospitalini mama alipoona alichokiona alicheka, akakohoa, akacheka tena. Nikamshika mkono. Ulikuwa mkono wake.

Tukarudi hivyo. Jua lilipenya shukani likampaka mama mistari usoni. Nje niliwasikia wanaume wakigeukia ukutani kwa heshima, na mzee mmoja akauliza, "Wake wa jumba gani hawa?"

"Jumba la makuti, bwana!" nyanya akajibu. "Tupisheni ndia!"

Mama akanyoosha mgongo. Aliingia mtaani kwetu kichwa kikiwa juu, akitembea taratibu bila haja ya kwenda taratibu, na nyanya, ambaye mabega yalimuuma wiki nzima, hakumharakisha.

Mama hayuko tena, wala nyanya. Nyumba yangu leo ni ya mawe, na kabatini nina abaya saba, moja sijaivaa hata mara moja. Siutamani umaskini ule. Sitaki mtoto yeyote alale akihamisha mkeka. Lakini mwezi uliopita nililazwa siku mbili kwa presha. Simu ilijaa pole, vipicha vya maua ya rangi zote na vya mikono ya dua, lakini mtu hakuja hata mmoja. Niliporuhusiwa nilivaa abaya yangu nzuri, nikachukua mkoba wangu. Hakukuwa na kitu cha kunizuia kwenda nyumbani. Nikakaa kwenye benchi karibu saa nzima, nikiangalia mlango.