Mkasi wa Meno

Wifi yangu aliponishuku, hakusema. Alianza tu kufunga chumba cha cherehani kila alipokwenda msalani. Msalani, jamani, ndani ya nyumba ya kaka yake, ambaye ni mume wangu.

Miaka kumi na sita alishona sare za shule kwenye karakana ya watu. Sasa, likizoni, amepata kazi yake mwenyewe ya kwanza: gauni la harusi la nesi wa jirani. Likitoka vizuri, mume wangu amemwahidi sebule ya mbele, inayotazama barabara, iwe duka lake. Lisipotoka, Jumatatu anarudi kwenye sare. Alisema hivyo mwenyewe.

Basi ikawa kila siku mkosi. Jumanne mkono mmoja wa gauni ukapotea, tukaukuta nyuma ya kabati. Jumatano pasi ikasahauliwa juu ya lesi, lesi ikaungua, ikabidi inunuliwe nyingine. Alhamisi ukurasa wa vipimo vya nesi haupo kwenye daftari.

"Wifi," akaniambia, macho kwenye sindano, "chumba hiki tunaingia wawili tu."

"Sema unalotaka kusema."

"Nimeshasema."

Damu ilinichemka. Nisidanganye, ile sebule naitaka. Makochi yangu nitayaweka wapi? Lakini kutaka sebule siyo kuiba vipimo. Nikapekua nyumba nzima kwa hasira, mpaka foronya ya mto anaokalia akishona. Ukurasa ulikuwa humo, umekunjwa mara nne.

Nikajua ataniambia nimeuficha mimi. Kisha nikaona ukingo wake. Haukuchanwa, ulikatwa kwa mkasi wa meno, ule unaoacha meno meno ili kitambaa kisifumuke. Mkasi huo hakuna anayeugusa zaidi yake. Anaufungia sandukuni, na ufunguo anauvaa shingoni hata akioga.

Nikamwekea ukurasa juu ya cherehani. Aliutazama, mkono ukamwenda shingoni wenyewe.

"Sare zikiharibika analaumiwa tajiri," akasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Hili likiharibika, ni mimi. Lakini lisipoisha, basi, halikuisha tu."

Nilimwonea huruma, ingawa kinyongo kilikuwa bado kimenikaa. Akavua ufunguo, akanivika. "Kukata nimemaliza. Usinipe mpaka nesi alichukue, hata nikikulilia."

Akashona Ijumaa, akashona Jumamosi. Jumapili nesi akabisha hodi, na wifi akanifuata jikoni haraka haraka, gauni mkononi.

"Nipe ufunguo. Pindo la nyuma limevuta kidogo, nalipunguza mara moja tu."

Nikaliangalia pindo. Lilikuwa limenyooka kabisa.

"Sina," nikasema, na ufunguo unaning'inia kifuani, anauona.

Akalibeba gauni kwa mikono miwili, akaenda kumfungulia nesi, na mimi nikaanza kuyasukuma makochi yangu nje ya sebule.